Mwalimu Asomaye Si Mwizi wa Vipindi

Kuna neno linalotembea sana siku hizi katika vijiji vya Ngara, nasi walimu wa Nyamiaga tumelisikia mara nyingi, njiani, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Neno lenyewe ni hili: ati mwalimu anayesomea shahada huku akifundisha ni mwizi wa vipindi vya watoto. Tumelinyamazia muda mrefu, maana si adabu kujibizana na wazazi. Walakini kimya kikizidi huhesabiwa kuwa ni kukiri, wala sisi hatukiri. Basi leo twataka kulijibu neno hilo, na kulijibu kwa haki, yaani kukubali lililo kweli ndani yake na kukataa lililo uongo.

Aliyetuambia waziwazi ni mzee mmoja tunayemheshimu. Alitusimamisha njiani, tukamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Walimu wangu, njia mbili zilimshinda fisi. Ama fundisheni watoto wetu, ama nendeni chuoni mkasome. Hayo mawili pamoja hayawezekani." Mzee yule si mtu mbaya. Anao wajukuu watatu shuleni, na mmoja wao yu darasa la nne wala hajui kusoma sawasawa. Mtu mwenye uchungu wa namna ile hastahili kudharauliwa, astahili kujibiwa.

Mashtaka tunayoshtakiwa ni matatu. La kwanza, kwamba masomo ya mwalimu hula muda wa watoto. La pili, kwamba shahada isomwayo nyumbani usiku, bila kukaa chuoni, si shahada ya kweli. La tatu, kwamba mwalimu akiisha kuipata karatasi yake atawakimbia watoto waliomvumilia. Tutaanza na la pili, maana ndilo jepesi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, nacho kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Hakikuundwa kwa ajili ya wavivu walioshindwa kwenda kwingine. Kiliundwa kwa kuwa nchi ilikuwa na watu wengi wenye akili na wenye kazi, ambao hawangeweza kuacha kazi zao, wala kazi zao hazingeweza kuachwa. Kina vituo mikoani, na kituo cha Kagera kiko Bukoba, safari ndefu kutoka kwetu. Mwanafunzi wake husoma, huandika majaribio, hufanya mitihani mbele ya wasimamizi, na kama anasomea ualimu hukaguliwa akifundisha. Mtihani haumwulizi mtu kama alisomea bwenini au jikoni kwake. Humwuliza anajua nini.

Wala jambo hili si geni ulimwenguni. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiokaa chuoni tangu mwaka 1858. Nelson Mandela alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Johannesburg alipomaliza shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akaipokea mwaka 1943. Hatujasikia mtu akimdharau kwa ajili ya hayo. Basi mtu akisema kwamba shahada ya mwalimu wa kijijini ni ya bandia kwa sababu tu ilisomwa kando ya kazi, na atuonyeshe ni swali gani la mtihani lililopunguzwa kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye shtaka la kwanza, ambalo ndilo zito. Je, mtu aweza kufundisha na kusoma kwa wakati mmoja bila kuwadhulumu watoto? Tusijibu kwa kubuni, maana nchi yetu imekwisha kulijaribu jambo hili, tena kwa ukubwa usio mdogo.

Mwezi wa Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya kungoja hata 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Azimio lilikuwa zuri, lakini walimu walitoka wapi? Vyuo vyote vya ualimu vikijazwa visingetosha. Basi kuanzia 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa katika shule za vijijini wafundishe madarasa ya chini, huku wao wenyewe wakifundishwa kazi ya ualimu palepale. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Wengi wetu tulio watu wazima leo tulishikishwa kalamu kwa mara ya kwanza na mikono yao.

Tunajua walivyochekwa. Watu walizigeuza herufi za UPE, wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Wala hatusemi kwamba mpango ule haukuwa na kasoro. Wengine walikuwa vijana wadogo mno, na vitabu vilikuwa haba. Lakini angalieni, ndugu, kasoro ile ilikuwa wapi. Waliingia kazini na elimu ya darasa la saba tu, hilo ndilo lililowalemea. Kusoma wakiwa kazini hakukuwa kosa lao. Kulikuwa ndiko kulikowaokoa, na kutuokoa sisi pamoja nao.

Hata hapa Ngara tuliona mfano wa namna hiyo kwa macho. Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa maelfu mengi wakapiga kambi Benaco. Haukupita muda mrefu watoto wao walikuwa wakifundishwa, tena na wakimbizi wenzao, ambao baadhi yao hawakuwa wamewahi kusomea ualimu. Walipewa mafunzo mafupi na masanduku ya vifaa, wakarudi kwa watoto, kisha wakaitwa tena kufundishwa. Mwenye njaa hangoji mpishi ahitimu. Jambo la maana ni kwamba anayepika aendelee kujifunza kupika.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya kijana wa 1976 na mwalimu wa leo, nasi twaomba kila msomaji aishike tofauti hiyo, maana ndiyo shina la maneno yetu yote. Kijana yule alipewa muda. Alifundisha sehemu ya siku tu, na sehemu nyingine akasoma pamoja na wenzake, akiongozwa na msimamizi. Masomo yake yalimjia kwa posta na kwa redio, na mwishoni aliitwa chuoni kwa majuma machache. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, lakini ilijua kwamba mtu hawezi kubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja bila kusaidiwa kujitwika. Mwalimu wa leo hupewa nini? Hupewa barua ya ruhusa. Barua hiyo yasema kwamba anaruhusiwa kusoma mradi kazi isiharibike. Haisemi ni nani atakayeshika darasa lake juma la mitihani. Haisemi apunguziwe kipindi hata kimoja. Na darasa lenyewe si lile la zamani, maana tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto wengi wameingia shuleni, jambo ambalo twalishukuru, lakini madaftari ya kusahihisha yameongezeka pamoja nao.

Basi mwalimu huyo hufanya nini? Hapa yatupasa kusema kweli, hata kama inatuaibisha. Mmoja wetu, mtihani wake ulipokaribia, aliandika ubaoni maneno marefu ya kunakili, akawaambia watoto wanakili kimya, naye akaketi mezani akasoma kitabu chake cha chuo. Akazama. Baadaye aliinua macho akamwona mtoto mmoja amesimama mbele yake. Mtoto akasema kwa upole, "Mwalimu, tumemaliza tangu zamani." Darasa zima lilikuwa limekaa likimtazama. Kitabu alichokuwa akikisoma kilikuwa kinaeleza namna mtoto anavyojifunza.

Hatukulisimulia jambo hilo ili mcheke. Tumelisimulia kwa kuwa ule ndio wizi wenyewe, na mzee wetu ana haki kuulalamikia. Mwalimu anayefanya hivyo hujifunza ualimu kwa kuua ualimu. Hata akipata alama za juu, alizichuma katika shamba la yatima. Ndugu walimu, tusitetee jambo hili kwa kusema mshahara ni mdogo au kazi ni nyingi. Mshahara ni mdogo kweli, na kazi ni nyingi kweli, lakini mtoto wa darasa la tatu si yeye aliyeupanga mshahara wetu.

Walakini sikieni upande wa pili, maana mmoja wetu huyohuyo ndiye aliyeona jambo lifuatalo. Katika darasa lake kulikuwa na mtoto aliyekosa hesabu za kutoa kila siku. Ukimwandikia 52 toa 27, yeye huandika 35. Ukimwandikia 63 toa 48, huandika 25. Kwa miaka mingi tuliona makosa kama hayo, tukaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, tukapita, na moyoni tukasema mtoto huyu ni mzito. Lakini juma lile mwalimu alikuwa amesoma katika masomo yake ya shahada kwamba makosa ya mtoto huwa na sababu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuitafuta. Akamwita mtoto, akamwuliza, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Mtoto akajibu, "Mwalimu, mbili ni ndogo, haiwezi kutoa saba. Kwa hiyo nilitoa mbili katika saba, nikapata tano."

Mnaona, ndugu? Mtoto yule hakuwa mzito. Alikuwa na kanuni yake, naye aliifuata kwa uaminifu kila siku, ila kanuni yenyewe ilikuwa mbovu na hakuna aliyemwuliza. Mwalimu akaleta vijiti, akavifunga mafungu ya kumi kumi, mafungu matano na vijiti viwili. Akamwambia atoe vijiti ishirini na saba. Mtoto akaviangalia vile viwili, akaangalia mafungu, akafungua fungu moja mwenyewe bila kuambiwa. Akapata 25. Kesho yake mwalimu aliwachungulia wengine, akakuta saba wenye kosa lilelile. Vijiti vile havikununuliwa kwa fedha, vilikatwa kichakani nyuma ya shule. Kilichonunuliwa, tena kwa gharama na kwa kukesha, ni lile swali moja, "ulivyofanya".

Kadhalika katika kusoma. Watoto wengi wa kwetu huja shuleni wakisema Kihangaza au Kishubi nyumbani, na Kiswahili cha kitabuni ni kigeni kwao. Mtoto aweza kunakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri, hata mzazi akafurahi, kumbe hasomi neno hata moja, anachora tu. Mwalimu aliyejifunza namna ya kupima hatadanganywa na mwandiko. Huwasikiliza watoto watano kila siku, mmoja mmoja, wakisoma kwa sauti, na kwa majuma machache hulijua darasa lake kama mchungaji anavyowajua kondoo kwa majina. Mjukuu wa mzee wetu, aliyefika darasa la nne bila kusoma, hakupotezwa na mwalimu anayesoma sana. Alipotezwa na miaka ambayo hakuna mwalimu aliyejua kumsikiliza.

Basi twarudi kwa fisi. Methali ni kweli: njia mbili zilimshinda fisi, maana zilipoachana, yeye alitaka kwenda kote kuwili akapasuka msamba. Lakini methali hiyo ni ya njia zinazoachana. Anayesomea biashara ya madini huku akifundisha, huyo yuko katika njia mbili, na atapasuka. Mwalimu asomeaye ualimu, anayeyapeleka Jumatatu darasani yale aliyoyasoma Jumamosi usiku, huyo yuko katika njia moja. Mkulima anayesimama kidogo kunoa panga lake hajaacha kulima. Aliyeacha kulima ni yule anayenoa mchana kutwa, na yule mwingine anayepigapiga magugu kwa panga butu hata jua linatua. Sisi tumewaona wote wawili shuleni.

Sasa shtaka la tatu, kwamba tutakimbia. Ni kweli wako walimu wa shule za msingi ambao, walipopata shahada, walihamishiwa shule za sekondari, na wengine ofisini. Hatuwezi kuapa kwamba hakuna atakayeondoka. Lakini tufikiri vema. Mwalimu akienda sekondari ya kata, amekwenda kwa nani? Kwa watoto walewale waliotoka darasa la saba. Na akienda mkoa mwingine, hata huko kuna watoto wa watu. Nasi pia tumepokea walimu waliosomeshwa na kuvumiliwa na vijiji vya wengine. Je, tumzuie jirani asinoe panga kwa kuogopa kwamba siku moja atalima shamba la ukoo mwingine? Kama twataka abaki, na tumpe sababu ya kubaki, yaani nyumba isiyovuja, heshima, na kazi inayotumia elimu yake. Ujinga haujamfunga mtu mahali kwa faida ya mtu yeyote.

Tena tusimsahau mwalimu mwanamke. Mwanamume anayesoma akirudi nyumbani hukuta chakula, akaketi na kitabu chake, na watoto huambiwa wanyamaze, baba anasoma. Mwanamke akirudi hukuta maharage hayajachaguliwa, maji hayajatekwa, na mtoto analia. Kitabu chake hufunguliwa watu wote wakiisha kulala, na alfajiri ndiye wa kwanza kuamka. Akishindwa mtihani, watu husema wanawake hawawezi elimu ya juu. Twawauliza ninyi waume, ambao baadhi yenu mwakaa viti vya mbele kanisani: mizigo yake mitatu mmeibeba hata mmoja? Mume atekaye maji jioni moja kwa juma ili mkewe asome, amewafundisha watoto wa kijiji kizima pasipo kushika chaki.

Basi twataka nini? Hatukuandika ili kulalamika tu. Kwetu sisi walimu, twajiwekea sharti hili: kitabu cha chuo kisifunguliwe katika kipindi cha watoto, hata mtihani uwe kesho. Anayeona hawezi, na apunguze masomo yake, achukue miaka mingi zaidi. Chuo Huria chenyewe humruhusu mtu kwenda polepole. Afadhali shahada ya miaka sita isiyo na dhuluma kuliko ya miaka mitatu iliyoibwa.

Kwa walimu wakuu twasema: pangeni ratiba mkijua ni nani anayesoma. Siku za mitihani hujulikana mapema. Wenzake na wakubali kushika vipindi vyake, naye avirudishe kwa hesabu, na jambo hilo liandikwe ukutani mwa ofisi ili kila mtu alione. Siri ndiyo inayozaa masengenyo.

Kwa wenye mamlaka ya elimu twasema kwa heshima, lakini kwa nguvu: ruhusa isiyo na muda ni nusu ya ruhusa. Nchi ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ule uitwao MEWAKA, unaowakutanisha walimu shuleni ili wajifunze pamoja. Kumbe basi serikali yenyewe imekiri kwamba mwalimu hujifunza akiwa kazini. Kwa nini basi anayejifunza kwa bidii kuliko wote, na kwa fedha yake mwenyewe, aonekane kama mtoro? Apunguziwe vipindi vichache kwa juma, naye atwikwe wajibu wa kuwafundisha wenzake katika mikutano hiyo yale anayoyasoma. Kilichowezekana 1976 kwa vijana wa darasa la saba hakiwezi kuwa muhali leo.

Na kwenu wazazi, na wajumbe wa kamati za shule, twasema hivi. Msitupime kwa kutuona na vitabu. Tupimeni kwa watoto. Kila muhula mwiteni mwalimu anayesoma, mwambieni, "Mwalimu, umejifunza nini muhula huu, na watoto wetu wamepata nini kwa hicho?" Asiyeweza kujibu, huyo anasomea karatasi. Anayejibu kwa kuwaonyesha daftari la mtoto, na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, huyo anawasomea ninyi.

Mzee wetu mpendwa, uliyetusimamisha njiani, na wewe twakuambia: mlango wa darasa hauna kufuli. Njoo siku yoyote usiyotuarifu, ukae nyuma, umsikilize mjukuu wako akisoma. Na kama siku hiyo utamkuta mmoja wetu anasoma kitabu chake na watoto wamekaa bure, usiende kulisema sokoni. Simama palepale, umwambie mbele ya watoto. Sisi wenzake tutakushukuru.